Kabla hujaomba masta ya utafiti, uliza chuo kinafanya nini kila mwezi

Dirisha la udahili likifunguliwa tu napata meseji za wadogo zangu waliomaliza digrii ya kwanza, wengi ni wa maabara, mifugo na udaktari, "dada, chuo gani kizuri kwa utafiti?" na wengine wananitumia kabisa ile orodha ya vyuo bora Afrika. Mimi nawarudishia swali moja, hapo mahali wanafanya nini kila mwezi bila kukosa? Wengi wanakaa kimya, na mimi pia ningekaa kimya wakati ule naomba, na kutojua kuuliza hivo kulinigharimu mwaka.

Nilianzia chuo kimoja sitakitaja. Majengo mazuri, mashine ya PCR ya kupima DNA ya vijidudu ipo, siku ya kwanza tulitembezwa tukaonyeshwa. Nilitaka kusoma leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, ndio ule ulioua watu Lindi mwaka 2022 tukauzoea kwa jina la homa ya mgunda. Kumbe mashine ipo ila kemikali zake hazipo, aliyekuwa anaijua kaenda nje kusoma, supavaiza wangu ni mtu wa mambo mengine kabisa kwa hiyo kila nikimpelekea propozo anarekebisha kiingereza changu basi, kisayansi hana la kuniambia. Miezi minane. Halafu wikiendi moja umeme ukakatika, jenereta halikuwashwa, sampuli zangu zote zikayeyuka. Nilifungua lile friji Jumatatu nikakuta vichupa vinaelea kwenye maji, nikakaa chini palepale maabara nikalia.

Nikahamia SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Nikwambie ukweli, watu wengi wakisikia Sokoine wanawaza kilimo tu, mahindi na ng'ombe. Lakini pale kuna watu wamesoma panya miaka na miaka, walianza kwa sababu panya shamba wanafukua mbegu za mahindi mkulima akishapanda tu, ilikuwa shida ya njaa kabla haijawa shida ya hospitali. Ndani ya eneo la chuo kuna shamba la hekta 3, mitego 300 imepangwa kila baada ya mita 10, na tangu 1994 kila mwezi wanatega usiku tatu mfululizo. Kila mwezi, jamani. Mvua, sikukuu, mgomo, wanatega.

Nilipelekwa wiki ya pili. Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala kwenye milima ya Uluguru, majani yamelowa mpaka magotini, unapita mtego hadi mtego, vya bati hivi, ndani kuna siagi ya karanga imekandwa na unga wa mahindi. Ukikuta mlango umefunga unamwagia panya kwenye mfuko wa kitambaa, unampima uzito, dume au jike, ana mimba au hana, unasoma alama yake, unamwachia palepale ulipomtoa. Wa kwanza niliyemshika mimi alikuwa na alama ya miezi miwili nyuma. Fundi sanifu, mzee mmoja mpole sana, akaangalia daftari akasema "huyu alikuwa mstari wa pili, kahamia huku." Pale ndo nikaelewa nimefika.

Maana kutokana na madaftari ya namna hiyo ndio ilijulikana kwamba vuli ikinyesha sana Novemba na Desemba majike wanaanza kuzaa mapema, watoto wao nao wanawahi kuzaa, na mwaka unaofuata panya wanafurika mashambani, kwa hiyo unaweza kumwonya mkulima kabla. Na panya shamba huyu huyu ndiye anayebeba kirusi cha Lassa, kinacholeta homa kali inayoua watu kule Afrika Magharibi, na mwaka 2009 wanasayansi walitangaza kirusi ndugu yake kilichopatikana kwa panya wa hapa, kikaitwa kirusi cha Morogoro. Hata APOPO, lile shirika la panyabuku wa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, walikuja kuweka kambi SUA mwaka 2000, wakakuta watu wa panya tayari wapo. Asaivi panyabuku hao wananusa na TB. Makohozi yanachemshwa kwanza kuua vijidudu, panya anapita juu ya matundu kumi yenye sampuli chini yake, penye TB anaganda na pua yake sekunde tatu hivi. Sampuli 100 anamaliza ndani ya dakika 20. Anazozionyesha zinarudiwa kwa hadubini, na wanapatikana wagonjwa ambao kliniki ilishawaambia hawana kitu.

Kwa hiyo mdogo wangu, kama shida yako ni selimundu, ulizia Muhimbili, wana wagonjwa wanaowafuatilia tangu 2004. Kama ni maji na floraidi, Nelson Mandela pale Arusha wanaishi juu ya tatizo lenyewe. Usiende na swali lako mfukoni ukitegemea chuo kilizoee, angalia kwanza pale kuna nini halafu ulikate swali lako liegemee hapo. Mimi nilibakiza leptospira yangu lakini nikaifunga na panya wa mitego ile, na nilichoshindwa miezi minane nilikimaliza mitano.

Na ukienda kutembelea usiishie ofisi ya udahili. Omba uonane na fundi sanifu wa maabara, msalimie vizuri, muulize umeme ukikatika usiku nani anawasha jenereta, kemikali zikiagizwa zinachukua muda gani kufika, friji la nyuzi hasi 80 lina sampuli za mwaka gani na nani anatoa ruhusa ya kuzitumia. Pita maktaba uone tasnifu za miaka mitano iliyopita, supavaiza unayemtaka wanafunzi wake wangapi wamemaliza na wamechukua muda gani, na ukipata namba ya mmoja wao mpigie, usimtumie meseji, mpigie. Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, nacho ulizia mapema, kinakula miezi.

Haya yote yafanye kabla hujalipia fomu.