Je, kudai mtoto mahakamani ni kuhukumiana kwa taghuti?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa hapa Moshi, nauza maharage soko la Mbuyuni. Mume wangu aliniacha mwaka jana na eda imekwisha. Mtoto wetu wa kiume ana miaka minne. Baba yake alimchukua kwa ajili ya Idd, hakumrudisha. Sasa yuko kwa bibi yake Ugweno, na baba mwenyewe ni dereva wa lori, hayupo nyumbani. Masheikh walimwita kwenye baraza mara mbili, hakutokea. Nilipomwambia nitakwenda mahakamani, akanitumia sauti ya ustadhi mmoja anayesema kwamba Muislamu anayepeleka shauri mahakama ya serikali amehukumiana kwa taghuti, yaani kwa hukumu isiyo ya Allah, na ametoka katika dini. Tangu hapo nikisali naona kama sala yangu hairuki juu ya paa. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Mwanangu, hayo ya sala ndiyo yaliyonifanya niache mengine na kukujibu leo. Umenyang'anywa mtoto, kisha ukatiwa shaka na sala yako. Sali. Hujatoka popote.

Nani mwenye haki ya kumlea mtoto wa miaka minne, hilo halina mzozo. Mtume (s.a.w.) alimwambia mama aliyekuja kumlalamikia mumewe aliyetaka kumchukua mwanawe: "Wewe una haki naye zaidi madamu hujaolewa." Kwetu Mashafii, tunaofuata madhehebu ya Imam Shafii, hadhana, yaani malezi ya mtoto, ni ya mama mpaka mtoto apambanue mambo, kwenye miaka saba hivi, kisha achague. Na hata kama ungeolewa kesho, haki hiyo ingepita kwanza kwa mama yako mzazi kabla ya kufika Ugweno.

Lililobaki ni hiyo sauti. Aya inayorushwa huku na huku ni ya 60 katika Suratun Nisaa, inayowataja wanaotaka kuhukumiana kwa taghuti. Watu wanaisoma hiyo, wanafunga msahafu. Wangesoma moja tu inayofuata: wakiambiwa njooni kwenye yale aliyoyateremsha Allah na kwa Mtume, utawaona wanafiki wanakupa mgongo. Wafasiri wengi wanasimulia kisa cha mtu aliyejidai ana imani, akagombana na mwenzake, akataka wakahukumiwe na Kaab bin al-Ashraf, kiongozi wa Kiyahudi aliyempinga Mtume, kwa sababu alijua kwa Mtume hapatikani upendeleo. Aya inamlaumu anayeikimbia haki baada ya kuitwa. Sasa pima mwenyewe. Katika ugomvi wenu nani aliitwa na masheikh mara mbili akatoa mgongo? Mtu anakutishia kwa aya inayomkamata yeye! Tena wengine wa namna hii nawafahamu: wakiingiliwa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, asubuhi na mapema wako kwenye baraza la kata, wala hutasikia habari za taghuti.

Jaafar bin Abi Talib, ndugu wa Imam Ali, alisimama mbele ya Najashi wa Uhabeshi, ambaye siku hiyo alikuwa mfalme wa Kikristo, akajitetea yeye na wenzake dhidi ya wajumbe wa Makureshi waliotaka warudishwe Makka. Akapewa haki yake. Mtume hakumwambia arudie shahada. Atakayesema ule ulikuwa wakati wa unyonge, nitamuuliza: wewe hapa Bara una nguvu gani? Zanzibar wana Mahakama ya Kadhi inayotambuliwa na dola. Huku kwetu kadhi anasuluhisha, ananasihi na kuandika, lakini hana askari wa kumtoa mtoto Ugweno. Kumwambia mama asubiri kadhi mwenye nguvu ambaye hayupo ni kumruhusu dhalimu ale kwa raha zake.

Na tazama hiyo mahakama inasema nini. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inaanza na maslahi ya mtoto, kisha inachukulia kwamba aliye chini ya miaka saba ni bora akae na mama yake, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Hakimu wako, hata awe Mlutheri wa Machame, atakuwa anakurudishia kile ambacho Imam Shafii alikwisha kukupa. Kwenda kwake inajuzu, na kama mtoto anadhurika naona ni wajibu. Wallahu aalam.

Ila nawe nikuonye. Mtume alisema huenda mmoja wenu akawa hodari wa hoja kuliko mwenzake, nami nikamhukumia kwa ninavyosikia. Niliyemkatia haki ya ndugu yake nimemkatia kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haihalalishi cha mtu, ya hakimu wa wilaya itahalalisha? Kwa hiyo usiape kwamba anampiga mtoto ikiwa hampigi. Ukimpata mwanao, usimzuie baba yake kumwona. Akifika miaka saba akamchagua baba, karatasi ya mahakama isiwe ngao yako.

Usipande Ugweno na vijana wa sokoni kwenda kumchukua kwa nguvu. Najua wapo waliokwisha kujitolea. Waombe masheikh wakuandikie kwamba walimwita na hakuja, kwa sababu mbele ya sheria ya nchi talaka ya mdomo peke yake haimalizi ndoa, na hiyo hati ya baraza utaulizwa. Kisha nenda Ustawi wa Jamii, halmashauri, kabla hujamlipa wakili hata shilingi. Mahakama ikimtuma afisa aje kwako, mfungulie mlango aone unavyoishi, usiazime makochi ya jirani. Na matumizi ya mtoto yadai humo humo. Hayo ni juu ya baba popote mtoto alipo, imo katika Al-Baqara aya ya 233.

Halafu yule bibi. Hukumtaja kwa ubaya hata mara moja, nami nimeliona hilo. Mpigie leo baada ya Isha, umwamkie kama ulivyokuwa ukimwamkia zamani, umuulize mtoto amekula nini, na umwombe akupe uzungumze naye kabla hajalala.