Bilioni ambazo si zake

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza kama mali ya wahalifu inafaa kuhesabiwa katika zile orodha za matajiri zinazochapishwa kila mwaka. Nasema hapana, ingawa sababu yangu si ya maadili. Najua wengi watawaandikia kwamba kumpanga mlanguzi wa dawa za kulevya bega kwa bega na mwenye kiwanda cha saruji ni kumpamba mwizi, na kwamba vijana wataiga. Vijana wa Nairobi hawangoji jarida la Marekani liwaambie nani ana pesa. Wanamwona akishuka garini. Kinachonikera mimi ni hesabu.

Kazi yangu ni uthamini wa ardhi na majengo. Mtu akiomba mkopo kwa dhamana ya nyumba, benki hunituma nikaiangalie. Kabla sijapima ukuta wowote nafanya sachi ya hati: iko kwa jina la nani, ina rehani, ina zuio la mahakama? Ghorofa kumi zikisimama juu ya ploti yenye zuio, hakuna cha kupunguza bei kidogo mambo yaendelee. Benki haitaki hata kuzisikia hadi kesi iishe. Orodha ya matajiri ni uthamini huo huo, ila anayethaminiwa ni mtu. Unajumlisha vilivyo vyake, unatoa madeni, kinachobaki ndicho utajiri. Mali ya uhalifu inadaiwa yote, si sehemu. Ukiitoa kwenye hesabu, hakibaki kitu.

Hapa kwetu mambo haya yameshafika mahakamani mara nyingi. Sheria ya mwaka 2009 dhidi ya utakatishaji wa pesa ndiyo iliyotupa Wakala wa Urejeshaji wa Mali, ambao unaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba nyumba au akaunti itwaliwe hata kama mwenyewe hajafungwa jela siku moja. Na Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya ploti ya ufuoni Nyali, Mombasa, uamuzi uliotutikisa sote katika kazi hii. Majaji walisema hati miliki peke yake haitoshi. Kama ardhi ilitolewa kinyume cha sheria hapo mwanzo, aliyeinunua baadaye hawezi kujikinga kwa kusema alilipa pesa zake kwa nia njema. Ikiwa hata mnunuzi asiye na hatia anaambiwa kwamba si yake, mhalifu mwenyewe tumhesabie kwa msingi gani?

Jarida la Forbes, ambalo wengine wote huliiga, limekuwa likiwaweka wahalifu tangu mapema. Orodha yake ya kwanza ya Wamarekani 400, mwaka 1982, ilimtaja Meyer Lansky, mtunza hesabu wa magenge ya kamari, kwa dola milioni 100. Alifariki Januari 1983 na mali hiyo haikuonekana. Pablo Escobar, mlanguzi wa kokeini wa Colombia, aliingia kwenye orodha ya mabilionea wa dunia mwaka 1987, akabaki humo mpaka mwaka aliouawa, 1993. Joaquín Guzmán, yule mlanguzi wa Mexico aitwaye El Chapo, aliingia 2009 kwa dola bilioni 1, akashika nafasi ya 701. Rais wa Mexico wakati huo, Felipe Calderón, aliwaka. Miaka michache baadaye Guzmán aliondolewa, na sababu ilikuwa kwamba jarida lilishindwa kuthibitisha mali yake.

Mimi nauliza, ile nafasi ya 701 ilithibitishwa vipi? Kwa mwenye hisa unachukua bei ya soko la siku hiyo na kuzidisha. Kwa mwenye majengo unaangalia kodi ya nyumba na bei za jirani. Kwa Guzmán ilibidi watu wakisie tani zilizovuka mpaka, wakisie bei, wakisie ni kiasi gani kilibaki mkononi mwake baada ya kuwalipa marubani, wanajeshi na washirika. Makisio juu ya makisio, kisha jibu likatoka bilioni 1 kamili, bila hata senti ya ziada. Mwanafunzi wangu akiniletea ripoti ya namna hiyo namrudisha uwanjani. Mwaka 2019 mahakama ya New York ilipomfunga maisha, ilimwamuru alipe zaidi ya dola bilioni 12.6. Msidhani hiyo ndiyo thamani yake halisi; ilikokotolewa kutokana na dawa zilizouzwa, kwa hiyo ni mauzo, na mauzo si mali. Lakini tazameni pengo hilo, kisha mniambie namba 701 ilikuwa na maana gani.

Tena Forbes wenyewe wanaijua kanuni ninayoizungumzia. Januari 2013 walimtangaza Isabel dos Santos, binti wa rais wa Angola, kuwa bilionea wa kwanza mwanamke Afrika. Mwaka huo huo wakachapisha uchunguzi wao kuhusu jinsi mali ile ilivyopatikana kupitia mkono wa babake. Akaendelea kuwemo, miaka nenda miaka rudi, huku mwenyewe akikana kwamba alifanya kosa lolote. Alitoka Januari 2021, baada ya mahakama kuzuia mali zake. Mwaka 2018 waliwaondoa Wasaudi wote kumi, baada ya mabwanyenye wengi wa Riyadh kuzuiliwa hotelini na kutakiwa kuachilia sehemu ya mali. Kumbe inawezekana kusema "huyu hatujui tena kilicho chake" na kumweka kando. Tatizo ni kwamba wanangoja zuio lije, ilhali kwa mlanguzi anayesakwa na nchi mbili dai lilikuwepo tangu mwanzo.

Kuna hoja moja inayonisumbua, na sitaki kuipita kimyakimya. Mtu anaweza kusema: ukiwaondoa wahalifu wanaojulikana, unawapa cheti cha usafi waliobaki, ambao baadhi yao wameshatakatisha pesa zao. Ni kweli. Mwaka 2019 Benki Kuu ya Kenya ilipofuta noti za zamani za elfu moja, wengi tulitarajia magunia ya pesa yafie chini ya vitanda. Noti ambazo hazikurudi zilikuwa za Sh7.4 bilioni, chini ya asilimia 4 ya zilizokuwa mikononi mwa watu. Maoni yangu, kutokana na ninayoyaona kazini, ni kwamba pesa chafu nyingi zilikuwa zimeshageuka simiti na vioo. Ukifuata mwenye jengo unapata kampuni, ukifuata kampuni unapata nyingine. Tangu 2020 kampuni hutakiwa kumtaja mmiliki halisi kwa msajili, lakini daftari hilo mwananchi wa kawaida halioni. Likifunguliwa litaisaidia nchi hii kuliko orodha mia za matajiri.

Hata hivyo hoja hiyo hainifanyi nimrudishe mlanguzi kwenye orodha. Inanifanya nidai kwamba kila jina lililomo liwe na maelezo: nini kimethaminiwa, kwa hati zipi, na nini kimeachwa kwa kukosa ushahidi. Ripoti zetu huwa na ukurasa huo, na mteja hukasirika sana akiusoma.

Na mhalifu nani? Hapa pia tusiende kwa uvumi. Nairobi mtu akijenga flati Kilimani kwa mwaka mmoja tayari anaitwa wash wash, yaani mtu wa pesa chafu, hasa akiwa si wa kabila la msemaji. Kigezo kiwe amri ya mahakama au hukumu. Baktash na Ibrahim Akasha wa Mombasa walipelekwa Marekani Januari 2017, wakakiri makosa ya ulanguzi wa dawa za kulevya mwaka uliofuata, wakafungwa miaka 25 na 23. Hao hakuna wa kubishana juu yao.

Mkitaka kuwaandika watu kama hao, wapeni ukurasa wao: jina, mahakama, kiasi kilichoamriwa kutwaliwa, na kiasi kilichorudishwa hadi leo. Safu hiyo ya mwisho ndiyo nitakayoisoma kwanza. Atakayemaliza kulipa na kuanza biashara halali baadaye, hesabu yake ianzie hapo, na akifika bilioni mwekeni pamoja na wengine.

Msomaji wenu,
Mthamini, Nairobi