Wazee wanakuja London, mimi nina shifti

Shikamoo Anti. Mimi binti wa Bagamoyo naishi London huku Manor Park, nafanya kazi za kea, kuhudumia wazee na wagonjwa. Viza za baba na mama zimetoka, wanakuja Juni kwa wiki tatu. Baba mwalimu mstaafu wa historia, magoti yanamsumbua, mama ana presha. Wadogo zangu wameshanitumia listi WhatsApp, Big Ben, London Eye, ikulu ya mfalme, uwanja wa Arsenal, yaani hata siku ya kupumua hamna, na kazini likizo wamenipa wiki moja tu. Sasa zile siku nyingine nawafanyaje? Naogopa wasije wakarudi kusema walifungiwa ndani.

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa viza maana makaratasi ya benki peke yake ni homa. Hiyo listi ya wadogo zako ni ya picha za status, iweke pembeni kwanza. Kinachonitia wasiwasi mimi ni ile Jumanne utakayotoka alfajiri kwenda kazini ukawaacha wawili mle ndani wanakodolea dirisha. Mzee wa Bagamoyo mpaka afike msikitini ameshasalimiana na nusu ya mtaa, huko jirani anafungua mlango anafunga, basi. Kwa hiyo siku mbili tatu za mwanzo wa likizo yako usiwatembeze, wafundishe kutoka wenyewe.

Kila mtu mpe Oyster yake, ile kadi ya nauli, maana kadi moja haigongi watu wawili na kwenye basi keshi hawapokei. Halafu chagua basi moja tu. Wewe hapo Romford Road inapita namba 25, inawapeleka moja kwa moja hadi Whitechapel, na vituo vinatajwa kwa sauti humo humo ndani hata asiyejua mji hapotei. Pale baba anaswali adhuhuri East London Mosque, mama anapita soko la barabarani anachagua bamia na pilipili kwa mkono wake (na kubishana bei atabishana tu, hata kwa vidole). Kurudi wapande Elizabeth line, ile reli iliyofunguliwa 2022, kila stesheni yake ina njia isiyo na ngazi, magoti ya mzee yatakushukuru. Stesheni za zamani za Tube, treni za chini ya ardhi, nyingi ni ngazi tupu, usimpitishe huko kwa haraka zako. Wapeleke mara ya kwanza, mara ya pili kaa nyuma waongoze wao, ya tatu waende wenyewe na simu zenye chaji.

Kutembea sasa. Kama ni kulipia mahali pamoja tu basi ni Westminster Abbey, na najua utashangaa nawapeleka Waislamu kanisani, lakini sikiliza. Baba yako amefundisha habari za Chuma na Susi miaka yote, wale waliobeba maiti ya Livingstone kutoka kwa Chitambo, Zambia ya leo, kwa miguu miezi na miezi hadi Bagamoyo kwenu. Mwisho wa safari ile ni pale, alizikwa Aprili 1874, jiwe liko sakafuni katikati, na maandishi yake yanaanza kwa kusema aliletwa na mikono ya waaminifu nchi kavu na baharini. Majina ya wenye hiyo mikono hayapo. Muache mzee asimame hapo atoe somo lake usimkimbize, kiingilio si kidogo kwa hiyo kaeni mpaka mtosheke. Mkitoka nje Big Ben hiyo hapo, mmepiga picha, wadogo zako wameridhika.

London Eye achana nayo. Wapeleke Woolwich wapande kivuko, kinabeba magari na watu bure tangu 1889, na mzee atakilinganisha na cha Kigamboni mpaka mrudi nyumbani.

Mambo mawili ya haraka. Juni jua linazama saa tatu na ushee usiku, mama akisubiri giza ndio apike mtakula usiku wa manane, na chumbani weka pazia zito maana alfajiri nayo inawahi mno. La pili ni presha, dawa za siku zote aje nazo kwenye pakiti zake pamoja na barua ya daktari, na bima ya safari ikatwe kabla hawajapanda ndege. Akifika emajensi kuonwa ni bure, ila akilazwa, mgeni anaweza kutozwa asilimia 150 ya gharama za NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, na bili hiyo itakuja kwako wewe wa shifti.

*

Anti mimi niko Muscat, mama anakuja Agosti kutoka Tanga. Mchana hapa hata paka hatoki nje, nimpeleke wapi?

*

Salalah, mwanangu, huko huko Oman upande wa kusini. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba kuna khareef, manyunyu na ukungu, milima yote kijani, na barabarani wanauza madafu na ndizi, mama atadhani hajatoka Tanga. Kwa gari ni kama kilomita elfu moja jangwani, kwa umri wake pandeni ndege, na hoteli ukate mapema maana msimu huo Ghuba nzima inahamia huko.