Maswali ya Bahari: Bamvua, Mlango wa Mwamba na Chumvi

Nilivuka feri Likoni saa nne asubuhi, maji yako chini kabisa, mteremko mrefu. Wiki moja baadaye, saa ile ile, maji yamejaa. Bahari imebadilisha saa zake? (Msomaji, Likoni)

Haikubadilisha, ndugu yangu. Inafuata mwezi, nawe unafuata saa ya ukutani. Mwezi huyavuta maji ya upande ulioelekea kwake yakainuka. Upande wa pili wa dunia mvuto huo ni hafifu zaidi, dunia huvutwa kuliko maji hayo yakabaki nyuma, na huko nako maji huinuka. Dunia ikizunguka, Mombasa hupita kwenye miinuko yote miwili, ndiyo maana kila siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Lakini mwezi nao unasonga mbele, basi kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Zidisha kwa siku 7: karibu saa 6. Pale palipokuwa na kupwa sasa pana kujaa.

Kuna jambo la pili ambalo wavuvi wetu wanalijua bila kitabu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua, yaani maji ya kujaa sana na kupwa sana. Hapo tofauti kati ya kujaa na kupwa kwetu hupita mita 3. Kupwa kwa bamvua huangukia mwendo wa saa nne au saa tano, asubuhi na usiku, na ndipo akina mama huteremka mwambani kutafuta pweza. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta kwa upande wake na kupunguza kazi ya mwezi: maji mafu, tofauti ya mita moja hivi. Ukijua tarehe ya mwezi wa Kiislamu, umeshajua nusu ya habari za maji. Nasikitika kuona vijana wa mjini hawayajui tena maneno haya, ilhali bahari iko mlangoni mwao.

Mwanangu anaogelea Nyali. Naambiwa kuna mahali maji "yanameza" watu. Ni kweli? (Mzazi, Kongowea)

Hayamezi, yanabeba. Mwamba unaokinga pwani yetu una mianya, ile wavuvi wanayoiita mlango. Maji yakianza kupwa, yote yaliyojaa ndani ya mwamba hutafuta kutoka kwa mlango huo, na mwanya ukiwa mwembamba mkondo huwa mkali. Hatari ni kubwa wakati wa bamvua, maji yakiwa katikati ya kupwa. Mfundishe mtoto: akibebwa asishindane na mkondo akitaka kurudi moja kwa moja, atachoka. Aogelee sambamba na ufuo mpaka atoke kwenye mkondo, ndipo arudi. Akishindwa, aelee na ainue mkono. Na aulize wavuvi milango iko wapi kabla hajaingia majini.

Mkondo wa bahari kuu hapa kwetu hugeuka na kaskazi na kusi? (Mwanafunzi, Tudor)

Upepo hugeuka, mkondo wa mbele ya Mombasa haugeuki. Huenda kaskazini mwaka mzima, kwa kasi zaidi wakati wa kusi. Kinachogeuka ni mkondo wa Somalia. Wakati wa kaskazi hushuka kusini, ukakutana na wetu karibu na kaskazini mwa Kenya, yote miwili ikageukia mashariki, baharini.

Kwa nini bahari ina chumvi na mito haina? (Majengo)

Mito inayo, kidogo sana. Mvua huyeyusha madini ya mawe, mito huyaleta, jua huvukiza maji na chumvi hubaki. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi. Kule Gongoni maji ya bahari huingizwa kwenye mashamba ya chumvi, jua likaachiwa kazi hiyo hiyo.

Kilindini pana kina kirefu kiasi hiki kwa nini? (Mtwapa)

Jina lenyewe linajieleza: kilindi, mahali penye kina. Kama miaka 20,000 iliyopita maji mengi ya dunia yaliganda kuwa barafu, na bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi. Mito ilichimba mabonde mpaka huko chini. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, ikayazamisha mabonde. Kilindini na hori la Tudor ni mabonde hayo. Jiwe ambalo Fort Jesus imejengwa juu yake, kwa upande wake, ni matumbawe ya zamani, yaliyoota majini wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo. Ukiteremka kando ya ngome wakati wa kupwa, tazama jabali kwa karibu: bado utaona maumbo ya matumbawe ndani yake.