Anza na shaba, lakini chunga uchafu

Ndugu, umeuliza kama shaba inatosha kuwa kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia) katika utafiti wako wa uzamili wa kubadilisha hewa ya ukaa kwa umeme, au ni lazima ununue dhahabu na fedha. Ningekushauri uanze na shaba. Dhahabu na fedha hutoa zaidi kaboni monoksaidi, ilhali shaba, kama mwanakemia Yoshio Hori na wenzake walivyoonyesha nchini Japani katika miaka ya 1980, hufika hadi gesi za methani na ethilini. Taabu yake ni kwamba haitoi zao moja tu, na sehemu ya umeme hupotelea kwenye hidrojeni itokanayo na maji.

Hata hivyo, mara nyingi kinachoharibu matokeo ni uchafu. Chumvi ya bikaboneti ya potasiamu unayoyeyusha katika maji ya jaribio, hata inayouzwa kuwa safi, huweza kuwa na chembe za chuma na zinki ambazo hujibandika juu ya shaba umeme unapopita, ukaona methani ikishuka na hidrojeni ikipanda. Kwa hiyo upitishie mmumunyo umeme kwanza kwa elektrodi (kipande kinachopitisha umeme ndani ya mmumunyo) ya akiba utakayoitupa, ili uchafu ujibandike hapo.

Kisha thibitisha kwamba kaboni ya zao lako imetoka kwenye hewa ya ukaa, wala si kwenye mabaki ya viyeyushi au gundi ya elektrodi. Kipimo bora ni hewa ya ukaa yenye kaboni-13, aina nzito ya kaboni inayoweza kutambuliwa ndani ya zao; gesi hiyo kwa kweli ni ghali. Msimamizi wako akisita kuinunua, rudia angalau jaribio kwa arigoni, gesi isiyo na kaboni, badala ya hewa ya ukaa: ethilini ikiendelea kuonekana, chanzo chake si gesi yako.