Kabla hujapanda mikoko: kwa anayeanza kazi kwenye mradi wa pwani

Ukiingia kwenye mradi wa kurudisha mikoko, swali utakaloulizwa mara nyingi ni miche mingapi imepandwa. Zoea kulijibu kwa swali jingine: mingapi iko hai baada ya miaka mitatu? Ufilipino walipanda maelfu kwa maelfu ya hekta, na tathmini zilizofanywa baadaye zikakuta sehemu kubwa haikufika mbali. Sababu yao ndiyo ile ile inayoua miche yetu kuanzia Lamu hadi Mtwara: imepandwa pasipo pake.

Pahali penyewe panaamuliwa na maji. Mikoko huota kwenye ukanda ulio juu ya usawa wa kati wa bahari, hadi pale maji ya bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu) yanapoishia. Chini ya hapo mche unakaa majini saa nyingi mno, unakosa hewa na kufa. Kwa hiyo ukiona uwanda mpana wa tope au nyasi za baharini, usifurahie kwamba umepata eneo la wazi. Kama mikoko haijawahi kuota hapo, kuna sababu. Tena uwanda huo haukuwa bure: kina mama wanachokoa pweza na chaza hapo, na ngalawa zinapita. Waulize kwanza.

Kupima usawa hakuhitaji vifaa vya bei. Chomeka vijiti ndani ya msitu mzima ulio jirani na vingine kwenye eneo lako, vipake chaki ya rangi, kisha vikague baada ya maji kujaa, wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu (yanapojaa kidogo). Chaki itaoshwa hadi pale maji yalipofika. Linganisha: kina kwenye eneo lako kikiwa sawa na kile cha pale mchu, mojawapo ya aina za mikoko, ulipostawi, panda mchu. Msitu ulio hai ndio ramani yako.

Kwa kawaida upande wa bahari unakuta mlilana, nyuma yake aina inayoitwa mkoko hasa, yenye mizizi ya matao, kisha muia na mkandaa, na huko nyuma kwenye chumvi kali mchu. Mchu lakini hauna nidhamu, utaukuta na mbele pia. Miradi mingi hupanda mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ni ndefu, inaokotwa kirahisi na inachomekwa tu. Huo ni uvivu, tuseme ukweli. Mkoko uliopandwa mbele kabisa mahali pa mlilana hupigwa na mawimbi, na viumbe wadogo wa gamba gumu huliganda shina hadi mche ulale.

Swali la pili ni kilichoua msitu wa awali. Mwache, karibu na Mombasa, mvua za El Niño za 1997/98 zilishusha udongo mwingi ukafukia mizizi ya kupumulia, na miti ikafa ikiwa imesimama. Mahali pa namna hiyo, kupanda bila kushughulikia mashamba ya juu ya mto ni kazi bure. Kwenye shamba la chumvi lililoachwa, tatizo ni tuta: maji hayaingii, au yanaingia na kukaukia ndani hadi ardhi inafanya ukoko mweupe. Kata tuta pale mkondo wa zamani ulipopita, acha maji yaingie na kutoka, kisha subiri msimu mmoja wa mbegu. Kukiwa na msitu jirani, mara nyingi miche huja yenyewe, bila gharama na ya aina inayofaa. Kama eneo lilikatwa kwa boriti au kuni za tanuri la chokaa, watu bado wanahitaji nguzo na kuni. Panda mivinje nchi kavu wakati huo huo, la sivyo unawakuzia wakataji.

Ikibidi kupanda, chukua mbegu za mkoko zilizokomaa. Dalili ni pete ya manjano pale mbegu inapoungana na tunda. Ukiivuta kidogo inaachia. Zenye matundu ya wadudu zitupe. Ziweke kivulini ndani ya gunia bichi. Zikija zimekaushwa na jua nyuma ya gari, usizipande. Chomeka ncha iliyochongoka chini, theluthi moja ya urefu: mbegu ya sentimita 50 inazama kama 17. Ukizidisha inaoza, ukipunguza inaelea maji yakirudi. Panda maji yanapokupwa, na epuka wiki ambazo kusi inavuma kwa nguvu.

Mbegu za mchu ni jambo tofauti. Ziloweke usiku mmoja ganda litoke, kisha ziingie kwenye viriba (mifuko midogo ya kuoteshea) ndani ya siku chache, kwa sababu hazihifadhiki. Kitalu kiwe pale maji ya bahari yanapofika, na kwanza kiwe na kivuli, kisha ukipunguze kidogo kidogo ili miche izoee jua kabla ya kuhamishwa. Mbuzi na ng'ombe wanaupenda sana mchu, kwa hiyo kubaliana na wafugaji kabla ya siku ya kupanda.

Nafasi ya mita 1 kwa 1 inakula miche 10,000 kwa hekta; mita 2 kwa 2 ni 2,500. Nafasi finyu inafaa penye mawimbi au kaa wengi. Kwingine inapendeza kwenye picha tu.

Kabla ya yote, pata kibali. Tanzania Bara misitu ya mikoko iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na Kenya ni KFS, Huduma ya Misitu ya Kenya, pamoja na jumuiya ya misitu ya eneo. Mradi wa Mikoko Pamoja pale Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, unaouza kaboni (unalipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko) kutokana na hekta 117, umejengwa juu ya makubaliano ya namna hiyo, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo inatokana na msitu uliokuwepo tayari kulindwa usikatwe.

Weka viwanja vya kudumu vya mita 10 kwa 10, hesabu miche iliyo hai mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, kisha kila mwaka, na andika kilichoua iliyokufa: kaa aliyekata shina, mwani uliojizungusha, mchanga, mbuzi. Mapengo usiyajaze kabla ya kujua ni kipi kati ya hivyo.