Mke wangu aliyeishia kidato cha nne anataka kumfundisha mtoto nyumbani

*Shangazi, shikamoo. Naishi Leicester, Uingereza, na mke wangu na binti yetu mmoja wa miaka tisa, yuko darasa la nne au la tano. Wenzake shuleni wanamcheka nywele na matamshi, na asubuhi analia tumbo. Sasa mke wangu ameng'ang'ania tumtoe shule, amfundishe mwenyewe nyumbani. Mimi nina digrii ya uchumi, yeye aliishia kidato cha nne, hana cheti cha ualimu wala cheti chochote cha maana. Dada yangu ni mwalimu Tanga, anasema bila cheti hairuhusiwi. Binamu yangu wa Hamburg anasema tutapelekwa mahakamani. Halafu mke wangu atapunguza zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, wakati nyumba yetu ya Tanga imefika renta, bado kupaua. Jioni nakuta chapati zimepoa, wamezikata vipande mezani eti wanafanya hesabu. Mwambie aache. – Mume Aliyechoka*

Marahaba, mwanangu. Nampa pole binti anayelia tumbo. Yako subiri kwanza.

Umetaja cheti mara tatu, lakini darasa analosoma mwanao wa pekee hulijui. Mwenye digrii ni wewe.

Tuanze na hao washauri wako. Dada yako hakukudanganya, kakujibu ya Tanga. Tanzania ina Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, mtoto akifika umri lazima aandikishwe na ahudhurie, na anayesimama mbele ya darasa lazima awe amesomea. Binamu naye kasema ya Ujerumani, ambako kwenda shule ni lazima na wazazi wanaokaidi hutozwa faini. Familia moja ya huko iliifikisha kesi hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na mwaka 2006 ikashindwa. Sasa wewe unalala Leicester, halafu sheria unaziokota Tanga na Hamburg!

Sheria ya Elimu ya Uingereza ya mwaka 1996, kifungu cha 7, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu ya kutosha, ya muda wote, inayolingana na umri na uwezo wake, kwa kwenda shule au kwa njia nyingine. Hiyo njia nyingine ndiyo anayoizungumzia mkeo. Kwa England, iliko Leicester yenu, mzazi haulizwi cheti cha ualimu wala digrii. Halazimiki kufuata mtaala wa taifa, wala kupiga kengele saa tatu. Anamwandikia mwalimu mkuu barua, jina linafutwa kwenye daftari, shule inaiarifu halmashauri. Kuomba ruhusa ni kwa wachache, kama mtoto aliyepelekwa na halmashauri kwenye shule maalumu. Ila usidhani hakuna jicho. Halmashauri ikiona mtoto hafundishwi, inaweza kuwaamuru mumrudishe shule, na mkikaidi hapo ndipo mahakama inapokuja. Tena Desemba 2024 ulipelekwa bungeni muswada uliotaka kila halmashauri iwe na daftari la watoto wasio shuleni. Fuatilieni ulipofikia.

Sasa hizo chapati. Umeziandika kama kosa, nami nikasimama hapo hapo. Mama katoka kwenye zamu, kakata chapati vipande vinane, kamwambia mtoto achukue vitatu aseme ni sehemu gani ya chapati nzima. Huko ndiko kufundisha, baba. Chuo cha ualimu kinamwandaa mtu kukaa na watoto thelathini kwa wakati mmoja, kuandaa masomo yao, kusahihisha madaftari yao na kumtuliza yule wa nyuma anayerusha karatasi. Mkeo ana mmoja, na anamjua hadi kilio cha tumbo kipi ni cha kweli. Kwa hesabu na kusoma kwa umri huo, kidato cha nne kinatosha mno, ilimradi mwenye nacho asione haya kusema "hili silijui, tulitafute". Masomo ya bure yako tele kwenye intaneti, BBC Bitesize na Oak National Academy ni mawili tu.

Utaniuliza, akifika kemia? Ndiyo, hapo pana mlima. Mitihani ya GCSE, ile ya sekondari ya huko, atafanya kama mtahiniwa binafsi, mtatafuta kituo kinachopokea watahiniwa wa nje na mtalipa wenyewe. Baadhi ya vyuo hupokea watoto wa miaka 14 hadi 16 wanaosomea nyumbani. Lakini ana miaka tisa, na mzazi si lazima ajue kila somo. Uchumi wako unafanya nini Jumamosi?

Mkeo naye simpambi. Akikesha na wazee wa watu usiku, mchana akafundisha, atalala saa ngapi? Na kumtoa mtoto kabla ya kupambana na shule ni kuwaachia waonevu kiti chake, na kiti kikishachukuliwa huenda msikipate tena. Shule kwa sheria inatakiwa iwe na utaratibu wa maandishi wa kuzuia uonevu. Uombeni. Andikeni tarehe, majina na maneno aliyoambiwa, mpelekeeni mwalimu mkuu. Asiposikia, nendeni kwa bodi ya shule. Hilo likishindikana ndipo mtoto atoke, na mkeo apunguze zamu.

Hapo ndipo barua yako ilipokuuma, kwenye zamu. Cheti umekitanguliza mbele, nyuma yake kuna mabati. Ndoa za siku hizi zimekuwa kamati ya ujenzi, mwanamke anapendwa kwa mifuko ya saruji aliyotuma. Zamani mume alikwenda ughaibuni akamwacha mke kijijini. Sasa wanakwenda wote wawili, mke anafanya kazi ya mshahara, ya jikoni na ya malezi, na mume anabaki kuhesabu nyumba imefika wapi. Halafu mnaniandikia mmechoka! Nyumba ya Tanga haina mtu ndani, itasubiri mvua mbili tatu bila kulia tumbo.

Fanya hivi. Jumatatu omba ruhusa kazini, mpeleke binti shule wewe mwenyewe, uingie hadi kwa mwalimu wake, umuulize anakaa na nani na anakula na nani. Utalijua na darasa. Kisha mpigie dada yako umwambie mambo ya shule ya Leicester mnayaamua wewe na mkeo, na kama anamtumia wifi yake sauti za WhatsApp, azikome.